Ukurasa wa Mwisho wa Daftari la Bluu

Ndugu, majirani na marafiki, dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kurasa, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa seremala na mshona nguo, na huyu aliyesimama mbele yenu ni mdogo wake wa mwisho, ambaye familia imemchagua asome kwa kuwa ana sauti, si kwa kuwa anastahili, na kabla hatujamaliza mtaelewa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1966, akamaliza sekondari Novemba 1977, na katika miaka hiyo ndiye aliyemfundisha mdogo wake kusoma, kwenye meza ya cherehani mama akiwa ametoka, akimziba mdomo kila alipobahatisha neno, maana mtoto yule alikuwa bingwa wa kutazama picha na kujifanya ameshasoma, na dada akimwonya kwamba ujanja huo siku moja utamtokea puani.

Tarehe 2 Mei 1979 aliajiriwa katika maktaba ya mji, akaanza kwa kubandika namba migongoni mwa vitabu, akaishia kwenye meza ya kuazimia vitabu, alipokaa hadi kustaafu mwaka 2018, na hapo ndipo alipopata hilo jina, kwa kuwa hakuna aliyepita mezani pake bila kupendekezewa kitabu cha mambo ya kweli, hasa maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwenyewe. Hadithi za kutunga hakuzidharau, ila alisema watu wa kubuni hawana haraka, wanaweza kusubiri, na dereva mmoja wa lori aliyeingia kuulizia choo aliondoka na kumbukumbu za rubani mstaafu, wiki ya pili akarudi kudai nyingine. Aliyefiwa alitafutiwa kitabu cha mtu aliyewahi kufiwa, akaelekezwa aanzie wapi, na wapi aruke kama bado kidonda ni kibichi.

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983 na fundi saa, mtu mpole aliyekiri waziwazi kwamba hasomi chochote isipokuwa mishale ya saa, wakajaliwa mtoto wa kiume, ambaye leo ni fundi umeme, na wa kike, ambaye ni mwalimu. Shemeji yetu aliingia hospitali kwa miguu yake Aprili 2009 akatolewa amebebwa, na tangu siku hiyo dada aliogopa hospitali kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Baada ya kustaafu alikusanya wasomaji tisa, mdogo wake akiwemo, sebuleni kwake, kila Jumamosi, wapendekezeane vitabu, kwa sharti kwamba mtu asipendekeze asichokimaliza, na akimaliza aandike kadi akitaja ukurasa uliomgusa. Jumamosi ya tarehe 15 Januari 2022 alimpa mdogo wake daftari la bluu lenye kurasa mia moja na kumi na mbili, maisha yake mwenyewe kwa mwandiko wake, akamwomba alisome kabla ya wengine, na mdogo wake akaliweka juu ya kabati, kwa kudhani kwamba maisha ya dada yake anayajua, yana nini jipya.

Wiki tatu baadaye zamu yake ikafika, akaona aibu, akaandika kadi kwamba daftari ni zuri na linafaa kusomwa na wote, na ili aaminike kuwa amemaliza, akaandika kuwa uliomgusa zaidi ni ukurasa wa mwisho. Dada aliipokea ile kadi, akaisoma mara mbili, akamshika mkono kwa muda mrefu, naye akafikiri anashukuriwa.

Daftari hilo, ambalo dada hakuwahi kudai lirudishwe wala lipewe wengine, amelisoma wiki hii, alipolihitaji kwa ajili ya tarehe mnazozisikia, na kwenye ukurasa wa mwisho dada ameandika kwamba tangu Novemba ana uvimbe kwenye titi la kushoto, kwamba watoto hajawaambia wasije wakababaika, kwamba mdomo wake hauwezi kulitamka jambo hili lakini kalamu inaweza, na kwamba mdogo wake akifika hapo asimuulize kitu, aje tu Jumatatu amshike mkono waende hospitali. Binti yake anakumbuka Jumatatu ile, tarehe 7 Februari, siku mbili baada ya ile kadi, mama alivaa gauni la kutokea, akakaa karibu na mlango, mkoba magotini, kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, na alipoulizwa anamngoja nani akajibu kwamba anapumzika tu.

Alipelekwa hospitali Septemba, akiwa ameshindwa kuinua mkono, na daktari alisema kwa upole kwamba wangekuja mapema mwaka ule mazungumzo yangekuwa mengine. Hakumlaumu mtu, ila siku moja wodini alimpa mdogo wake kitabu chembamba cha kumbukumbu za mkunga, akamtazama usoni, akamwambia hiki ukimalize, na mdogo wake akacheka. Alifariki Jumanne tarehe 14 Machi 2023, saa tisa alasiri, watoto wake wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopika na kufua tangu alipolazwa, wafanyakazi wenzake wa maktaba, na wasomaji wa Jumamosi, ambao mdogo wake anawaomba radhi, kama anavyowaomba watoto wa dada, bila kudai asamehewe leo.

Ile kadi ya uongo, aliyoikuta kati ya vitabu vya dada, ameichana, ameandika nyingine na kuiweka ndani ya daftari, inasema kwamba kitabu hiki kisomwe na kila mwenye ndugu, na kisomwe mapema. Upumzike kwa amani, dada, mdogo wako amefika ukurasa wa mwisho, na wewe hupo tena mlangoni.