Mwalimu Ishmael Shivachi, Aliyeipangia Treni Wimbo

Mzee tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 23 Oktoba 1999, alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 katika kijiji kilicho karibu na Shinyalu, wilaya ya Kakamega. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Shivachi na marehemu Mama Khasandi. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alipozaliwa alilia kwa sauti kubwa mno, hata majirani wakaja mbio kuuliza kulikoni. Sauti ile haikushuka mpaka alipoenda shule na kukutana na mtu wa kuishusha.

Alianza masomo mwaka wa 1955 katika shule ya msingi ya misheni, si mbali na kwao. Mwalimu wa kuimba hapo alikuwa mkali wa do-re-mi na hakuachana na kijiti chake. Ishmael aliingizwa kwaya akiwa darasa la nne, na wiki iyo hiyo akatolewa, maana akifungua mdomo wenzake wote hawasikiki. Muhula mzima alisimama nje ya dirisha akiwasikiliza. Aliporudishwa aliulizwa amejifunza nini huko nje, akajibu, "Nimejifunza sauti ya pili, ya tatu na ya nne." Tangu hapo hakuna mwimbaji aliyepita mikononi mwake bila kufundishwa kusikiliza kwanza. Alimaliza darasa la nane mwaka wa 1962, akawaachia wadogo zake nafasi, akiwemo dada yake Trizah ambaye tuko naye hapa.

Alikuja Nairobi mwaka wa 1968, akapokelewa na mjomba wake huko Kibera na kufundishwa kazi ya bati. Tangu mwaka wa 1983 alikuwa na kibanda chake pembeni mwa Soko la Toi, akitengeneza masanduku ambayo watoto huenda nayo shule za bweni. Watoto wengi wa Kibera na Kawangware wamefungia blanketi na sabuni zao ndani ya kazi ya mikono yake. Nyundo yake nayo haikujua kunyamaza. Wimbo aliokuwa akiupangia Jumapili aliugonga kwenye bati juma lote, mpaka jirani yake Thuo, muuza mitumba ambaye hakuwa wa kanisa letu, akawa anajua ibada kabla ya waumini.

"Fundi, Jumapili hii ni ile ya pole pole, ama?" Thuo alikuwa akimwuliza.

"Ni hiyo. Na wewe utakuja lini?"

"Nije kufanya nini na nimeshaisikia wiki mzima?"

Mwaka wa 1974, akiwa tayari mwalimu wa kwaya ya kanisa letu la Kibera, alitumwa Kawangware kuisaidia kwaya changa ya tawi letu la huko, ambayo wakati huo ilifanyia mazoezi katika nyumba ya mtu. Waimbaji wengi walikuwa watu waliotoka Machakos na Kitui, na Mwalimu alifika akijiamini kweli kweli. Katikati ya wimbo, msichana mmoja wa sauti ya pili aliyeitwa Mbula, mzaliwa wa Mwala, aliinua mkono akamwambia mbele ya wote, "Mwalimu, wewe ndio umepanda. Sisi tuko palepale." Akasikiliza, akaona ni kweli sauti yake ndiyo iliyopanda. Wiki iliyofuata alirudi tena Kawangware, ingawa hakuna aliyekuwa amemwita. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976. Kaka yake Mbula, Bwana Kavoi, fundi wa viatu na kiongozi wa kwaya hiyo ya Kawangware, alilalamika hadharani siku ya arusi kwamba shemeji yake amembebea dada na sauti ya pili kwa safari moja. Tangu siku hiyo wawili hao wakawa wa kutaniana na kutembeleana, na hapakupita mwezi bila mmoja kumlia mwenzake kuku.

Mwaka wa 1991 wazee wa kanisa letu la Sarang'ombe, huko Kibera, walimkabidhi kazi ya kupanga nyimbo za ibada, Kibera na pia Kawangware. Hakuichukulia kuwa kazi ya kutaja namba za nyimbo. Ilipofika Alhamisi alikuwa mlangoni kwa Mchungaji Wanzala akitaka kujua neno la Jumapili. "Bado naliombea," Mchungaji alikuwa akisema. "Basi omba haraka, watu wajifunze wimbo," Mwalimu alikuwa akimjibu, na asiondoke. Mchungaji yuko hapa na hatakataa.

Wanaolijua kanisa letu wanajua pia kwamba liko karibu na reli. Jumapili ibada ikiwa katikati treni ya mizigo hupita, mabati yakatetemeka, na mhubiri hubaki akichezesha midomo kama samaki. Wengine walinung'unika, wengine wakashauri kanisa lihame. Mwalimu aliipa treni nafasi yake kwenye programu. Matangazo yakiisha tu aliweka wimbo wa kanisa zima, ule wa kusimama na kupiga makofi, na treni ikipita haikumpunguzia mtu kitu. Mhubiri alipoanza, reli ilikuwa imenyamaza. Wageni walidhani ni bahati tu, na yeye hakuwasahihisha.

Hapa lazima tuseme jambo lililomuumiza kuliko yote maishani, kwa sababu wengi mliopo mnalijua nusu nusu. Jumapili ya tarehe 20 Agosti 1995 tulifungua jengo jipya la Sarang'ombe. Wageni walijaa, madawati yakaazimwa mpaka kule kijiji cha Raila. Kwa kuwa wageni hawakuzijua nyimbo zetu, ule wimbo wa kanisa zima haungewezekana. Mwalimu akawaza ni kwaya gani inayoweza kusimama na treni bila kumezwa. Akachagua Kawangware, kwa kuwa aliwaamini. Kumbe siku hiyo watu na bidhaa walikuwa wameenea mpaka kwenye reli. Treni ikaja ikitambaa na kupiga honi bila kukoma, na wimbo ambao Kawangware walikuwa wameuzoeza tangu Juni ukaisha bila neno hata moja kusikika. Treni ilipoondoka wakasimama Kibera, kukiwa kimya, wakaimba na kupigiwa vigelegele.

Baada ya ibada Bwana Kavoi alimfuata nje.

"Shemeji, sisi umetuwekea treni."

"Nimewaweka hapo kwa sababu nyinyi ndio mko na nguvu."

"Na hiyo nguvu nani ameisikia?"

Kuanzia hapo, kwenye ibada za pamoja za mwisho wa mwezi, kila kwaya iliimba yake na kurudi kukaa upande wake. Ijumaa nyingi Mwalimu alifunga kibanda mapema na kwenda Kawangware kwa miguu kuomba msamaha. Alipokelewa vizuri, akapewa kiti na chai. "Tulishasamehe, shemeji. Si chai unakunywa?" Bwana Kavoi alikuwa akimwambia. "Lakini kusimama mstari moja na watu wako, hiyo hapana. Watu wangu hawataki, na mimi pia sitaki." Mwalimu alirudi nyumbani akiwa mnyonge. Alimwambia mkewe kwamba treni haikuwa na kosa, na hata mpango haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuwapangia watu bila kuwaambia. Utani kati yake na shemeji yake ukapungua, ukaisha. Sisi wa familia tuliokuwa nyumbani tuliona jinsi alivyokosa raha, na tulimhurumia.

Mapema mwaka wa 1998 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kuwa fupi. Madaktari walisema moyo umepanuka, wakampa dawa na kumkataza nyundo na milima. Aliitii dawa. Nyundo aliiacha kwa manung'uniko mengi, na kwa kuwa hakuweza tena kwenda kwa kwaya, kwaya zikaja kwake. Kibera walikuja Jumanne, Kawangware wakaja Alhamisi, nao hawakukutana. Yeye aliketi kitandani akiegemea mito miwili, na mkono mmoja ulimtosha kuongoza.

Mwaka huu wa 1999 alianza kufundisha wimbo mpya aliotunga mwenyewe. Bi. Nabwire, kiongozi wa kwaya ya Kibera, alikuwa wa kwanza kuingiwa na wasiwasi. Wimbo aliopewa ulikuwa wa kuuliza tu: "Nani atanishika mkono? Nani atanivusha?" Baada ya kila swali walinyamaza, wakahesabu kwa vidole, kisha wakauliza tena.

"Mwalimu, na jibu liko wapi?" Nabwire akamwuliza.

"Nyinyi ulizeni."

Nje ya mlango Nabwire aliwanong'oneza wenzake, "Mwalimu ameanza kupotea. Tuimbe tu hivyo, tusimhuzunishe." Siku ya Alhamisi Kawangware nao walipewa wimbo wao. Walianza kwa kunyamaza, ndipo wakaimba, "Mimi hapa, ndugu yangu," halafu wakanyamaza tena. Bwana Kavoi alivumilia wiki chache, kisha akashindwa.

"Shemeji, hii yetu ni kujibu tu. Sasa tunajibu nani?"

"Hesabu vizuri, shemeji. Usiingie kabla."

Kijana mmoja wa sauti ya nne, Victor, alisikika akisema, "Buda ameshika wimbo imekatika," yaani Mzee ameshika wimbo uliokatika. Hata hivyo walimstahi Mwalimu, wakaimba kama alivyotaka. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa nyumbani Jumanne na Alhamisi, nyuma ya pazia, akipika chai ya kwaya zote mbili. Mkewe, Mama Mbula, ana masikio ya sauti ya pili. Siku moja akiwa anakoroga uji alijikuta akianza na swali la Jumanne na kumalizia na jibu la Alhamisi, na kila kimya kikajaa. Aliingia chumbani na mwiko mkononi.

"Baba Mildred, hizi si nyimbo mbili."

"Funga mlango, Mama Mildred."

"Kwa nini huwaambii?"

"Nikiwaambia, hawatajifunza."

Hapo ndipo alipoanza pia kuomba azikwe hapa Lang'ata, Nairobi. Jamaa zetu wa Shinyalu hawakulipokea jambo hilo kwa urahisi, na hatuwalaumu, kwani mtu hurudishwa kwao. Sababu yake alimweleza dada yake Trizah: Shinyalu ni mbali, lori litakalopatikana ni moja, na litabeba kwaya moja. Lang'ata, Kibera watafika kwa miguu, na Kawangware wakiamka mapema watafika pia. Trizah alilia, kisha akaenda kuwatuliza wazee. "Kama anachotaka ni kuimbiwa, basi aimbiwe," aliwaambia. "Udongo wa nyumbani nitauleta mimi." Ameuleta, uko kwenye sanduku dogo la bati ambalo kaka yake alimtengenezea zamani, na utatangulia kaburini.

Mwishoni mwa Septemba hali yake ilibadilika, akalazwa hospitalini. Alihudumiwa vizuri, na tunawashukuru madaktari na wauguzi. Tarehe 12 Oktoba, siku ya Jumanne, alimwuliza mkewe kama Kibera wamefanya mazoezi. Alipoambiwa ndiyo, akauliza kama wamekumbuka kunyamaza. Alifariki alasiri hiyo akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane wake, Mama Mbula. Watoto wake Mildred, Kevin na Kathini. Mkwe wake mmoja na mjukuu mmoja, Shivachi mdogo, ambaye naye analia kwa sauti ya juu. Ameacha dada yake Trizah na ndugu wengine wa Shinyalu, shemeji yake Bwana Kavoi na jamaa wote wa Mwala, na kwaya mbili.

Waliosoma programu wameona kwamba kwaya hizo mbili zimeandikwa mstari mmoja, na pengine wamedhani ni kosa la mpiga chapa. Si kosa. Mwalimu, Mungu amrehemu, alirudia kosa lake la mwaka wa tisini na tano: amewapangia tena watu bila kuwaambia. Mama amesema safari hii waambiwe, ndiyo maana tumeyasoma haya yote. Bi. Nabwire, jibu ulilokuwa ukilitafuta liko upande ule, kwa watu wa Kawangware. Bwana Kavoi, mlikuwa mkiwajibu hawa. Hakuna kwaya inayoweza kuumaliza wimbo huu peke yake, na mwenye kuutunga hatakuwepo kuinua mkono. Anayetaka kubaki upande wake anaweza kubaki, na Mwalimu atazikwa na nusu ya wimbo.

Tukikaa, Mildred atatoa sauti ya kuanzia, moja kwa wote, kama baba yake alivyomfundisha. Kibera, ulizeni. Kawangware, hesabuni vizuri, kisha mjibu. Imbeni kwa nguvu zenu zote, kwa maana hapa Lang'ata treni haipiti, na safari hii mtasikika. Naye Mwalimu Ishmael Shivachi apumzike sasa kwa amani, akisikiliza.