Darubini ya Mzee Murdo

Basi lilipouacha mji wa Dunedin, Bi Morag alikuwa ameketi nyuma ya jirani yake, mzee Murdo, mfugaji wa kondoo. Mzee alikuwa akimpa darasa kijana asiyemjua, Rewi, aliyekuwa anaenda kununua bunduki yake ya kwanza ya kuwindia sungura. Darasa lenyewe hakuombwa.

“Darubini ya kulengea juu ya bunduki nataka ile kubwa kabisa, inayovuta vitu karibu sana,” alisema Rewi.

“Acha ushamba, mjukuu wangu. Sungura yuko hatua thelathini, kubwa ya nini? Atajaa kioo kizima, utaona kijivu tu, hutajua kichwa wala mkia.”

“Na wewe babu unatumia ipi?”

Basi likasimama. Murdo akavaa kofia, akashuka ametulia kama maji mtungini.

Bi Morag akamwinamia kijana. “Kubwa. Juzi aliona kijivu, akapiga. Lilikuwa tangi langu la maji.”