Foro Wilmore na Mipira Isiyoandikwa

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo, uketi nami.

Jana, mtaa wa Kiwandani hapa Santa Brígida, tulimaliza siku tisa za kumwombea Telesforo Wilmore. Telesforo Wilmore, aliyekuwa mrushaji wa akiba wa timu yetu ya besiboli, Yangeyange. Amefariki akiwa na miaka hamsini na mitatu. Figo zilikataa. Nyumbani walimwita Foro. Ninyi mlimwita Kwaheri. Na mimi nilimwita hivyo hivyo, hapa hapa, kwenye kipaza sauti hiki.

Foro alizaliwa nyuma ya kiwanda cha sukari, katika zile nyumba za mbao za watu ambao babu zao walikuja kutoka visiwa vya Kiingereza kukata miwa. Mama yake alikaanga yanikeke, vile vimkate vya unga wa ngano, na kuziuza mlangoni mwa uwanja. Dada yake Ercilia anasema mdogo wake alijifunza kurusha kwa kulenga mabehewa ya treni ya miwa yakiwa yanatembea. "Alilenga gurudumu, si behewa," Ercilia aliniambia. "Behewa hata mimi ningelipata."

Akiwa na miaka kumi na saba walimchukua kwenda Marekani. Miaka saba alizunguka timu za chini, miji midogo, mabasi marefu, mkate wenye nyama baridi kila siku. Alimwandikia dada yake kwamba amejifunza maneno mawili tu ya huko, "kuku" na "tena". Mwaka wa nane wakampandisha ligi kuu. Hakupanda kama nyota. Alipanda kama mrushaji wa akiba, na huko alikaa.

Mnajua kazi ya mrushaji wa akiba. Anakaa zizini, pale kwenye uzio wa nyuma wanakopasha mkono moto. Simu ya kocha ikilia, anasimama, anarusha hadi bega liive. Akiitwa, anaingia kuzima moto uliowashwa na mwenzake. Asipoitwa, anakaa. Ikilia tena, anasimama tena. Mipira ya uwanjani inaandikwa, mmoja mmoja. Mipira ya zizini haiandikwi popote. Naomba mlikumbuke hilo, wasikilizaji wapendwa. Mipira ya zizini haiandikwi.

Kila Oktoba Foro alirudi kuichezea Yangeyange. Misimu kumi na moja ya baridi. Alizima mioto mingi. Nani anaikumbuka? Niliuliza juzi dukani kwa Chago, mbele ya wazee wanaocheza domino. Hakuna aliyetaja hata mmoja. Wote walikumbuka ule moto mmoja.

Ule moto mmoja ni fainali ya miaka ishirini na miwili iliyopita. Tarehe ishirini na nne Januari. Tarehe kama ya leo. Jumapili, saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya mabomba ya moshi ya kiwanda. Tunaongoza kwa pointi moja dhidi ya timu ya mji mkuu. Ngwe ya tisa, ngwe ya lala salama. Wawili wa kwao wameshatolewa, wawili wamo njiani kuja kufunga pointi. Amebaki mpigaji mmoja wa kumtoa, kombe liwe letu. Kocha wetu Baldomero Ozuna akamwita Foro.

Mpira wa tatu ulipigwa ukavuka ukuta, pointi tatu kwao. Ulivuka ukuta ukaangukia kwenye behewa la miwa, na miwa ikaenda nao kiwandani. Mtangazaji wetu wa wakati huo alipiga kelele, "Kwaheri, mpira! Kwaheri, Yangeyange! Kwaheri!"

Kuna desturi. Mrushaji akivunjika hivyo, kocha hutembea hadi katikati, hunyosha mkono, huuchukua mpira, humpiga mgongoni. Baldomero hakutembea. Alikaa kibandani amekunja mikono. Alimwacha Foro pale katikati amalize, watu elfu sita wakimpungia mikono. Foro alirusha mipira kumi na mmoja mingine. Mpigaji wa mwisho alipotolewa, mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia kama shati kwenye kamba.

Februari alirudi Marekani, akashindwa kuinua bega. Machi wakamrudisha nyumbani. Miaka kumi na minne ya kurusha ikaishia hapo.

Hapa nyumbani ndipo yalipoanza mengine. Akipita, watu walimpungia. "Kwaheri, Foro." Akinunua mkate, kwaheri. Siku ya harusi ya binti yake Yanilda, kanisani, mtu wa nyuma kabisa akapunga. Foro alijaribu kufundisha vijana kurusha. Mzazi mmoja akamwondoa mwanawe mbele ya wenzake. "Bwana Wilmore, usinielewe vibaya," akasema. "Kushindwa anakujua tayari, hahitaji mwalimu." Foro akamrudishia kijana glavu yake. Akaenda kuomba kazi kwenye mzani wa miwa. Huko alikaa mpaka figo zilipomweka kitandani.

Na kila mwaka, tarehe hii, saa hii, redio hii ilipiga kanda ya kelele za yule mtangazaji. Sekunde arobaini. Kwaheri, mpira. Mara ishirini na moja. Kitufe nilikibonyeza mimi. Mlipiga simu mkicheka, mkaomba irudiwe, nami nikairudia.

Sasa niwaambie ya jana.

Sala ya mwisho ilikuwa imekwisha. Tunakula wali na mbaazi chini ya turubai. Anselmo Pichardo akasimama. Anselmo mnamjua, ndiye aliyekuwa mdakaji wa zizini, anayeipokea mipira ya kupashia mkono. Ndiye aliyemsimamia Yanilda ubatizo, kwa hiyo yeye na Foro walikuwa kompadre. Alikuwa na sahani mkononi. Akasema, "Nina neno. Nikilala nalo tena litanila."

Mtu mmoja akatania, "Kaa chini, Anselmo, nyama haijaisha."

Anselmo hakucheka. Akasema kwamba Jumapili ile simu ya zizini ililia mara nne kabla ya ngwe ya tisa. Ngwe ya tatu, ya tano, ya sita na ya nane. Mara nne Foro alisimama akarusha hadi bega likaiva, mara nne akaambiwa aketi. Na alikuwa amecheza siku tatu mfululizo kabla ya hapo. "Nilihesabu," Anselmo akasema. "Mipira mia moja na kumi na nne. Kitabuni wameandika kwamba aliingia bila kurusha hata mmoja."

Pale zizini mrushaji hagusi simu. Anayeipokea ni mdakaji, kwa sababu ndiye anayeupata mpira mkononi na kujua kama una moto. Kocha huuliza neno moja tu: anacho? Mdakaji hujibu anacho, au hana. Akisema hana, anaitwa mwingine.

Ngwe ya tisa Foro alimwambia, "Kompadre, leo sina. Nyuma ya bega kuna kitu kinakatika. Mwambie sina."

Simu ikalia. Baldomero akauliza, "Anacho?"

Anselmo akajibu, "Anacho, bosi. Kinachoma."

Yanilda akauliza polepole, "Kwa nini, baba wa ubatizo?"

"Wiki moja nyuma mdakaji mwenzangu alisema hana. Kesho yake jina lake halikuwemo kwenye orodha ya basi. Na mimi ndio kwanza nilikuwa nimepata viatu vya timu. Niliogopa."

"Na baba alisikia?"

"Alikuwa amesimama karibu, kama hapa na hapo ulipo wewe. Alinitazama. Akapaka mkono unga wa utomvu ili mpira usiteleze, akaenda."

Akaendelea, ingawa hakuna aliyemwuliza. Alisema miaka mingi baadaye alimwomba Foro ruhusa aje redioni aseme ukweli. Foro alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. Alimjibu, "Acha. Mtaa mmoja, mwenye jina baya mmoja anatosha."

Wasikilizaji wapendwa, ningependa kuwaambia kwamba watu walilia. Hawakulia. Chago wa dukani alisafisha koo akasema, "Marehemu hakosi wakili." Wawili watatu wakacheka, wakala.

Ercilia hakucheka. Alimwendea Anselmo, akamwongezea mbaazi kwenye sahani, akampa na kijiko. Akamwambia, "Miaka ishirini na miwili umekula kwenye meza ya mama yetu. Ulimsikia mama akiitwa mama wa Kwaheri mpaka akaacha kuuza yanikeke. Ulikuwa unatafuna. Maliza hiyo. Ukimaliza, weka sahani hapo, na usinijie tena."

Anselmo alikula yote, amesimama, tukimtazama. Akaweka sahani. Akaondoka.

Asubuhi ya leo nilikwenda kwa Yanilda na kanda ile. Ni nakala pekee, sisi hatuna nyingine. Nilidhani nitampa aichome, au aitupe mtoni, afanye atakavyo. Alikuwa anafua shuka za baba yake. Hakukausha mikono.

"Baba alikuwa anazima redio kila Januari," alisema. "Nikiwa mdogo nilidhani ni mwezi wenye radi. Sasa unaniletea ili iwe nini? Ili ulale? Kaa nayo wewe. Wewe ndiye uliyeipenda."

Nimekaa nayo. Iko hapa mezani, mbele yangu.

Kwa Ercilia Wilmore, kwa Yanilda na watoto wake, kwa wote wa mtaa wa Kiwandani: poleni. Najua neno hilo limechelewa miaka ishirini na miwili, na aliyepaswa kulisikia hasikii. Na sisi wengine, tunaojua kuhesabu mipira ya uwanjani tu, tukipita leo kwenye ule uzio wa nyuma, tusimame kidogo. Kila mtu mnayemcheka ana mipira aliyoirusha ambako hamkuwepo.

Ni saa kumi na moja kasoro dakika chache. Taa ya simu ya studio imeanza kuwaka. Kila mwaka huwaka saa hizi, na najua mnachokitaka. Nitaipokea.

Nitawaambia: leo hatuna.