Moyo Uliruka, Nikadhani ni Roho

Bwana asifiwe! Mbona mnaitikia kama mmefunga siku tatu? Bwana asifiwe tena! Mimi ni Mama Joyce, muuza sato, sauti ya kwanza kwenye kwaya hii hii. Nikiimba, Kiseke nzima inaamka.

Ndugu zangu, kwa muda mrefu ibada ikipamba moto, moyo wangu ulikuwa unaruka. Unakimbia, unasita, unakimbia tena, kama samaki aliyetupwa ndani ya mtumbwi. Nikawa najisemea, Roho ameshuka! Nilifurahi jamani. Mara nyingine uliruka hata sokoni nikiparua magamba, nami naweka kisu chini, nasifu.

Asubuhi moja nimeshika beseni, mkono wa kulia ukaliachia. Mdomo ukaenda upande. Nataka kumwita mume wangu, ulimi umegoma. Majirani wakasema nimetupiwa kitu, nipelekwe kwa mganga ng'ambo ya ziwa, kule Busisi, tena siku hizi daraja lipo! Baba Joyce akawajibu, "Daraja hilo mtapita ninyi. Mke wangu anakwenda hospitali." Mungu ambariki mwanaume yule! Tuliwahi, wakanipiga picha ya ubongo, matibabu yakaanza.

Daktari, binti mwenye heshima zake, akaniamkia, kisha akatuonyesha ile picha. "Mama, kiharusi kilichokuangusha ni hiki hapa. Lakini tazama, kushoto na kulia kuna makovu madogo ya zamani. Yakitawanyika hivi, mara nyingi damu inagandia moyoni, halafu vipande vinapanda kichwani. Moyo huwa unarukaruka?"

Kwa ulimi wangu mzito nikajibu kwa fahari, "Kila Jumapili! Roho akishuka."

Hakucheka. Nilipopata nafuu akanibandika kifuani kifaa kidogo cha kurekodi mapigo, akasema nikae nacho kila mahali, hata kanisani. Ndugu zangu, hapo niliogopa kuliko siku niliyoanguka. Kikisema yule si Roho, je? Miaka yote ile nilikuwa na nani? Nusura nikibandue pale mlangoni. Nikasema, Bwana, Wewe ndiwe unayejua, nikaingia nacho.

Kikaunasa moyo wangu! Mapigo yalivurugika wakati wa kusifu, yakavurugika vile vile kesho yake nikimenya viazi. Sasa niambieni, na viazi navyo nilikuwa naviabudu? Nikapewa dawa ya kuzuia damu isigande na nyingine ya kutuliza moyo. Kidonge cha kwanza nilikimeza nikilia, nikidhani namfukuza Mungu.

Mkono ukarudi kwa mazoezi, ulimi ukafunguka, nikasimama tena na wenzangu kwenye kwaya. Tukaimba. Nikausikilizia moyo. Kimya, unapiga taratibu tu. Nikajua basi, leo hashuki. Jamani! Machozi yakaanza kunitoka, furaha ikanijaa, na moyo bado umetulia. Alikuwepo! Hakuhitaji niugue ndipo ashuke.

Ndugu yangu, moyo wako ukirukaruka ovyo, usiufanyie shangwe, nenda ukapimwe. Mtumaini Bwana, na kidonge umeze. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Baba Joyce, kwa ajili ya binti yule daktari, na kwa pumzi hii.

Sasa kwaya, simameni, tuimbe ule wa haraka. Msiniogopee!