Sista Kache, Aliyetega Sikio Kifuani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuuguza, Sista Kache Nguma anastaafu tarehe 30 Juni. Alianzia wodi ya wazazi, na miaka hii ya mwisho Mwenyezi Mungu akamweka kliniki ya moyo. Hapo ndipo mimi, mhudumu wa wodi, nilipomjua vizuri, kwa kumbebea mkoba wa vifaa tukienda kuwatazama wagonjwa majumbani.

Ni mpole, lakini mtilie sukari kwenye chai yake bila kumuuliza, uone.

Wagonjwa wake wa pampu ya moyo huwajua hadi majina ya wajukuu. Pampu hiyo hupachikwa kifuani moyo ukichoka kabisa, na waya hutokea tumboni hadi kwenye mashine ndogo na betri anazovaa mgonjwa. Damu husukumwa mfululizo, kwa hivyo ukimshika mkono huenda usisikie mpigo wowote.

Majirani wa Mzee Khamis kule Mtongwe hawakulijua hilo. Ramadhani ya mwaka jana mzee alifunga kwa siri, na Sista alikuwa amemkataza. Alasiri moja tulifika tukakuta watu wamejaa. Mzee kaanguka, mkono hauna mpigo, basi kafunikwa shuka na mtu katumwa kununua sanda. Mashine ilikuwa ikilia kuomba msaada. Wao wakadhani ni simu, wakaifunika mto kwa heshima ya maiti.

Sista aliwapita wanaume wote, akapiga magoti, akatega sikio kifuani. Pampu yanguruma.

"Huyu hajafa, ana kiu," akasema, akamtundikia dripu huku mimi nikiita gari la wagonjwa.

Mzee alipofumbua macho aliuliza kama jua limetua.

"Kwako wewe limetua tangu asubuhi, baba. Tulia."

Hata aliyerudi na sanda alicheka.

Wiki hiyo Sista aliomba ruhusa kwa imamu, akawafunza majirani kusikiliza kifua. Mzee sasa hulisha maskini badala ya kufunga. Ila aliposikia Sista anastaafu, aligoma kuhudumiwa na mtu mwingine. Basi Sista akawa ampeleka muuguzi Velma, atakayeshika nafasi yake, yeye mwenyewe akibaki barazani makusudi. Juzi tulimsikia mzee ndani akimwita Velma "mwanangu". Sista akainuka, akaniambia twende.

Ahsante, dada yetu. Mola akupe afya na umri mrefu, na nyumbani kwako Kisauni ukae kwa raha, wagonjwa wako wako salama.