Kobe Nyuma ya Mfalme

Garimoshi lilipoanza kujikokota, msusi alimwuliza kijana aliyekaa kando yake kama ameiona ile sinema mpya ya enzi za wafalme. "Pale mfalme anapokata roho, watu wote wanalia, mara nyuma ya kitanda anapita kobe ana namba saba mgongoni! Na kobe hana haraka, bwana. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma."

Kwenye kiti cha nyuma, mlinzi wa jumba ilimopigwa sinema hiyo aliinama mbele, tayari kujitapa. Namba aliiandika yeye, kwa rangi nyekundu. Kulinda jumba tupu kunachosha kuliko kubeba mawe, naye alikuwa na kobe wawili wa kushindanisha mbio, kila mmoja na namba yake. Mtaani kwake hakuna asiyeijua habari hiyo.

"Yule mfalme ni mjomba wangu," kijana akasema.

"Wee! Samahani, kaka."

"Usijali. Miaka yote kwenye sinema walikuwa wakimpa kushika mkuki mlangoni. Mara hii wamempa kufa kitandani, akaalika ukoo mzima kwenda kutazama. Siku hizi watoto wakimwona wanamwita Namba Saba."

"Naye?"

"Anacheka nao. Ila akiingia ndani, hataki hata redio iwashwe."

Garimoshi likasimama. Msusi akageuka, akamkuta mlinzi kainama hadi karibu na bega lake.

"Baba, ulitaka kusema kitu?"

"Hapana, mwanangu. Naulizia tu hiki ni kituo gani," akajibu, kwenye kituo anachoshuka kila siku.