Filimbi Kifuani Mwangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mimi ni Mama Tusekile, mkulima wa hapa hapa Ileje, na leo nasimama kifua mbele, kifua kile kile mlichokuwa mnakisikia kabla hamjaniona.

Kilipiga filimbi miaka mingi. Tukipukuchua mahindi, au ukungu ukitanda nami nimeinamia moshi wa kuni, pumzi inakata. Wengine walisema nimerogwa. Mama mkwe wangu aliniombea hadi sauti ikamkauka.

Siku moja, katikati ya vumbi la mahindi, nilishindwa hata kumwita mume wangu. Wakanipakia kwenye bodaboda, mama mkwe nyuma amenishikilia kiunoni, hadi hospitali.

Daktari, binti wa umri wa mwanangu, alinipa dawa ya kuvuta, pumzi ikafunguka. Akanieleza kwamba filimbi ile ni hewa inayojipenyeza kwenye njia zilizobana. Zangu zinabanwa na pumu, ikichokozwa na vumbi, moshi na baridi. Lakini akanionya kuwa si kila filimbi ni pumu: yaweza kuwa maambukizi ya kifua, ugonjwa wa moyo, au kitu kilichokwama. Mume wangu alitoboa ukuta wa jiko akaweka dirisha kubwa, nami dawa yangu siiachi.

Ndugu zangu, Mungu hakunifungua kwa ajili yangu peke yangu! Msimu wa karanga, mjukuu wa jirani yangu Mama Atu alipaliwa, akakohoa sana, kisha akatulia. Bibi yake alidhani yamekwisha. Mimi nikatega sikio kifuani: filimbi, tena upande mmoja tu. Mtoto yule hajawahi kuugua pumu. Mama Atu akaniomba nimpe pampu yangu ya dawa avute.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Filimbi hii si kama ya kwangu. Kuna kitu humo ndani. Twende hospitali sasa hivi."

Tulipewa rufaa kwenda hospitali kubwa, na huko wakamtoa kipande cha karanga kwenye njia ya hewa. Yule pale benchi la mbele, anawachokoza wenzake. Naomba asikemewe leo.

Namshukuru Mungu aliyesikia maombi, akatupa na madaktari. Kama kifua chako kinalia na unaona aibu kusema, mtumaini Bwana, kisha njoo kwangu kesho asubuhi. Nitakusindikiza hospitali mwenyewe. Mlima wa kuja hapa kanisani, uliokuwa ukinikata pumzi, siku hizi naupanda nikiimba.